Kucha na Boneti ya Mwalimu Mkuu

Watu wa yadi walimwita Kucha, na hakuna aliyemwita hivyo kwa mapenzi. Jina lilitokana na ukucha wa dole gumba lake la kushoto. Aliuacha urefuke kidogo kuliko mingine, akausugua kwa msasa mpaka ukawa laini kama ukingo wa kijiko. Ndio aliokuwa akianzia kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kubandua zile ngozi za plastiki ambazo watu huvalisha magari yao ili rangi isichubuliwe na kokoto. Zikiwa mpya huzioni. Zikishapigwa na jua miaka saba au minane zinageuka manjano kama meno ya mvuta sigara, zinapasukapasuka kama tope lililokauka, na mwenye gari anaanza kuulizia nani wa kuzitoa. Akielekezwa kwa Kucha, anaonywa papo hapo: kazi anaijua, lakini mdomo wake ujiandae nao.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mwembamba, mkavu, mwenye mikono mikubwa isiyolingana na mwili. Banda lake lilikuwa la mabati, wazi upande mmoja, sakafu ya zege iliyoteremkia kwenye mfereji. Ndani alikuwa na mashine ya mvuke yenye mpira mrefu uliofungwa viraka, ndoo nne, vitambaa alivyovifua mwenyewe, na vipande vya plastiki ngumu alivyovichonga vikawa bapa. Kisu hakikuwemo. Wembe haukuwemo. Mteja aliyeuliza kwa nini aliambiwa, "Kama unataka kuchanjwa nenda hospitali."

Ubishi huo haukuanzia kwenye magari. Alipokuwa kidato cha pili alivaa sare ya dada yake mkubwa, ambaye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mtoto wa mhasibu wa shule alilijua hilo. Wiki tatu mfululizo alimwita "marehemu", akimkaribisha darasani kwa kujifanya analia. Siku moja, kwenye chumba cha maabara, Kucha alinyanyua stuli akampiga nayo, mtulinga wa mtoto yule, mfupa wa begani, ukavunjika. Nusu saa baadaye alikuwa amesimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu aliandika barua ya kumfukuza bila kuinua uso, akapiga muhuri, akaitazama saa yake, aliyokuwa akiivaa upande wa ndani wa mkono, akasema, "Mpe mzazi wako."

Hakuuliza kwa nini. Neno hilo moja tu, kwa nini, ndilo Kucha alilolisubiri siku ile, na kwa kutolipata alitoka na chuki iliyokaa kifuani mwake miaka thelathini na mitatu bila kuchuja.

Baba yake hakutaka maneno. Alimpeleka kwa baba mdogo, aliyekuwa na sehemu ya kuoshea magari, na huko akakabidhiwa ndoo. Ngozi za plastiki zilipoanza kuingia, baba mdogo alimwachia yeye, maana yeye ndiye aliyekuwa na subira na vitu na hana subira na watu. Gari la kwanza aliliharibu. Alivuta plastiki ikiwa baridi, akaivuta kwa hasira, moja kwa moja kwenda juu, ikatoka na ile rangi ya juu inayong'aa, ikaacha doa lililofifia kama ukoma. Baba mdogo hakumgombeza. Alimweka mbele ya gari lile akamwambia, "Litazame mpaka uchoke." Alilitazama mchana kutwa. La pili aliliunguza kwa kuelekeza moto mahali pamoja. La tatu alilifuta gundi kwa petroli. La nne halikuharibika, wala yaliyofuata, miaka ishirini na zaidi.

Basi asubuhi ya Jumatatu, manyunyu yanaanguka, likaingia yadini gari dogo la rangi ya damu ya mzee, boneti, milango na bampa vimevaa ngozi ya manjano iliyojaa nyufa. Akashuka mzee mrefu, koti limepigwa pasi, mwavuli mkononi. Akakohoa mara mbili, akageuza mkono kutazama saa upande wa ndani.

 Kucha alimjua kabla mzee hajafungua mdomo.

"Wewe ndiye unayebandua hizi plastiki?"

"Ndiye mimi." Hakumpa shikamoo. Mzee wa umri ule, kila mtu pale angempa. Fundi rangi wa banda la pili, aliyeitwa Mzee Puti kwa sababu puti ya kuzibia mabonde ya bati haikuwahi kumtoka vidoleni, aliacha kupiga msasa akageuka kutazama.

Mzee mwenye koti hakujali shikamoo wala hakumtambua. Alimtazama Kucha kama mtu anavyotazama kaunta. "Nalitaka kabla ya saa sita."

"Hulipati."

"Samahani?"

"Linaoshwa kwanza. Mchanga ulio juu ukiuburuta pamoja na plastiki unachora rangi. Likauke. Halafu nalipasha kwa mvuke, kipande kwa kipande, liwe na joto la kuwekea mkono bila kuutoa. Ndipo navuta. Hiyo boneti peke yake ni nusu siku. Na mbele yako kuna gari la mikate. Njoo keshokutwa."

"Siku mbili kwa plastiki?"

"Plastiki ya miaka mingapi?"

"Minane."

"Basi siku mbili."

Mzee alicheka kwa pua. "Mama, mimi nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, kumi na tisa kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu. Gundi ni gundi. Msiwe mnawatisha watu ili muonekane wataalamu."

Kucha aliinama kana kwamba anaikagua ngozi. Kwa kweli alikuwa ameshaona jambo jingine. Kwenye raba ya ukingo wa boneti kulikuwa na vidoa vya rangi vilivyorushwa na mashine ya kupulizia. Vichwa vya bolti vilikuwa vimekwaruzwa na spana. Boneti ile iliwahi kugongwa, ikanyooshwa, ikapakwa rangi mtaani, ndipo ikavalishwa plastiki. Rangi ya kiwandani inashikana na bati. Rangi ya mtaani, ukiivuta vibaya, inabanduka na gundi kama utando wa maziwa. Mteja yeyote mwingine, hata yule aliyemtukana juzi, Kucha angemwonyesha vidoa vile na kumwambia, "Hapa pana hatari, tuelewane kabla sijagusa."

Akainua kichwa. "Subiri zamu yako, Mkuu," akasema, akarudi kwenye gari la mikate.

Mkuu alisubiri kwenye benchi kwa muda wa kusoma ukurasa mmoja wa gazeti. Kisha akainuka, akalizunguka gari lake, akachokoa pembe ya ngozi kwa kidole. Kipande cha ukubwa wa stempu kikavunjika kikamjia mkononi. Akachokoa kingine. Kulikuwa na baridi, na plastiki ilikuwa kavu kama ganda la yai. Kila alichovuta kilikatika, gundi ikabaki kwenye rangi, nyeusi kwa vumbi. Akaanza kuhema kwa hasira ya mtu asiyezoea kukataliwa.

Mzee Puti alimjongelea Kucha kwa hatua za kunyata. "Kucha, yule mzee anaua gari."

"Gari lake."

"Mwambie."

"Mwambie wewe."

Mzee Puti akafikiri. "Mimi nikimwambia nakosa boneti ya kupaka," akasema kwa uaminifu wake wa siku zote, akarudi zake.

Manyunyu yalikatika, jua likatoka kali. Mkuu akalisogeza gari mpaka katikati ya yadi, mahali pasipo na kivuli hata kidogo, akangoja bati lipate moto. Kwa kichwa chake cha fizikia aliona ameshinda: joto hulainisha gundi. Kweli, hulainisha. Ila jua la wazi hupasha sehemu moja kupita nyingine, na rangi nayo ina kikomo. Alipata pembe nzuri, akaishika kwa mikono miwili, akaanza kuvuta kwenda juu, magoti yamepinda, kama anayemvua mtu mwingine buti. Safari hii ikaja bila kukatika, upana wa kiganja. Akafurahi. Akageuka kumtafuta fundi.

"Fundi. Hivi si sawa?"

Kucha alisimama na mpira wa mvuke mkononi. Kutoka pale alipokuwa aliona mstari mdogo ulioinuka chini ya plastiki, uvimbe ambao haukuwa plastiki. Rangi ilikuwa inaanza kuachia. Muda wa kupiga kelele ulikuwepo. Angesema "simama" tu, angemwagia maji mahali pale, angeirudisha ile ngozi ilale, na boneti ingepona.

"Sawa kabisa, Mkuu," akasema. "Endelea. Vuta tu."

Aliyasema kwa sauti tamu hata Mzee Puti akashtuka. Kifuani alisikia kitu kikimwagika, cha moto na kitamu, kama mtu aliyekunywa chai baada ya kutwa nzima ya njaa.

Mkuu akaendelea. Ilipogoma alitoa mfukoni wembe wa kuchongea penseli, akakwangua. Kwa gundi iliyobaki alimwendea Mzee Puti, akaomba thina ya kuyeyushia rangi kwenye kikopo, akapewa, akaimimina kwenye kitambaa na kusugua kwa duara. Kitambaa kikageuka rangi ya damu ya mzee. Hakukitazama. Alikuwa na haraka ya kumaliza kabla ya saa sita ili amwonyeshe yule mwanamke. Akashika ukanda wa mwisho, akajiegemeza nyuma, akautoa kwa mkupuo mmoja.

Ilisikika sauti kama ya kitambaa kipya kinachochanwa. Mkuu alibaki ameshika ukanda hewani, na chini yake ilining'inia rangi, kipande kikubwa kama sinia. Kwenye boneti palibaki puti ya kijivu, na kando yake bati tupu.

Mafundi wa mabanda ya jirani wakageuka kutazama. 

"Hii plastiki mbovu," alisema Mkuu hatimaye.

Kucha aliweka mpira chini, akafuta mikono taratibu, akaja. Maneno alikuwa nayo tayari, alikuwa ameyapanga tangu ule uvimbe wa kwanza. "Plastiki haina kosa. Hukuosha, umesugua mchanga humo humo. Umeanza ikiwa baridi, ikavunjika. Umeitoa juani, bati limeungua. Umevuta kwenda juu wakati inavutwa ikilala, imejikunja kurudi nyuma, taratibu kama mtu anayembandua mtoto bandeji. Umetia wembe, ona mistari hii. Umepaka thina kwenye rangi ya mtaani. Hakuna kosa ulilolisahau, Mkuu. Ningekuwa natoa maksi, ungepata zote."

Uso wa mzee ulikuwa umesawijika. Lakini hakuwa mjinga. "Rangi ya mtaani. Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama."

Akakunja ule ukanda, akautia ndani ya gazeti lake kama mtu anayehifadhi ushahidi. Kisha akatoa simu, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya dharau ya asubuhi. "Mwanangu," akasema. "Ukitoka kazini, pitia huku yadini. Gari lako limepata tatizo."

Gari lako. Kucha alisikia neno hilo likishuka mpaka miguuni. 

Binti alifika saa nane mchana, kwa miguu, akiwa bado kwenye sare yake ya ukunga, viatu amevikanyaga visigino kwa sababu miguu ilikuwa imevimba. Alikuwa wa miaka thelathini na kitu. Hakupiga kelele. Alilizunguka gari mara moja, akaweka kiganja kwenye bati tupu, akasema, "Baba, nilikwambia uliache."

"Nilitaka ulikute tayari. Huyu mama aliniambia niendelee."

Binti akamgeukia Kucha. "Ni kweli?"

Kucha angeweza kukana. Mzee Puti alikuwa shahidi wa pekee, na Mzee Puti asingetoa ushahidi dhidi ya mtu anayemletea kazi. "Ni kweli," akasema.

"Ulikuwa unajua rangi itatoka?"

"Nilijua."

"Kwa nini?"

Lilikuwa lile neno. Limekuja kwa sauti ya chini, kutoka kwa mtu aliyechoka, na mwulizaji alisimama akisubiri jibu kweli kweli. Kucha alifungua mdomo. Miaka yote hiyo alikuwa amejibu swali hilo kichwani, jikoni, kitandani, chini ya mabampa, kwa hotuba ndefu zenye vituo. Sasa alisikia atakachosema kabla hajakisema, na kilikuwa kidogo.

"Baba yako alinifukuza shule."

Binti aliondoa kiganja kwenye bati. "Mimi gari hili ndilo ninalofuatia wanawake wanaojifungua nyumbani," akasema. "Wewe umelipiza kwao." Halafu akageuka akaketi kwenye benchi, akaanza kuvaa viatu vyake vizuri.

Mkuu alikuwa amekunja ndita, akimkagua Kucha kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mwaka gani?" aliuliza.

 Kucha alimwambia binti, "Liache. Boneti itapakwa, milango na bampa nitabandua mwenyewe, gharama yote ni yangu. Jumamosi unalichukua. Likiwa na kasoro hata ya ncha ya sindano, nenda kanisemee unapotaka."

"Nitasema hata likiwa halina," alisema binti.

Jioni Kucha alimkuta mama yake chumbani, miwani imefungwa kwa uzi, anapindua kola ya shati kwenye cherehani. Waliishi wawili, vyumba viwili na ukumbi. Walikuwa wamezoea kugombana kama wengine walivyozoea kusalimiana. Kucha alimsimulia yote bila kukaa.

Mama hakusimamisha gurudumu la cherehani. "Mwalimu mkuu bado yuko hai?"

"Yuko hai na koti lake."

"Nilimwendea mara tatu, unajua. Mara ya tatu alinitolea kiti. Akasema ungeomba radhi kwa yule mtoto angekurudisha. Nikaja nikakwambia."

"Hukuniambia."

"Nilikwambia. Ukasema afadhali uoshe magari mpaka ufe." Mama akakata uzi kwa meno. "Haya, unayaosha. Miaka thelathini na mitatu unamchukia mtu, na ulichoweza kumfanyia ni boneti. Tena si yake. Kama ndiyo chuki yako, mwanangu, haina akili."

"Yule mtoto aliniita marehemu, kwa sababu ya sare ya dada. Kila siku."

Gurudumu likasimama. Mama alitazama kola iliyokuwa mikononi mwake. Hilo hakuwahi kuambiwa. Kucha aliliweka moyoni kwa sababu hakutaka mama alisikie, na sasa lilikuwa limetoka kama kitu kilichodondoka mezani.

"Ungemvunja na mtulinga wa pili," mama alisema kwa sauti kavu. Kisha akaendelea kushona, na hawakulizungumza tena usiku ule wala baadaye.

Jumanne na Jumatano Kucha alifanya kazi kwenye gari lile peke yake. Aliliosha mara mbili. Alipita kila mlango kwa mvuke, inchi kwa inchi, akiweka kiganja baada ya kila mpito kama anayepima homa. Alianza pembeni kwa ule ukucha, akainua, akaikunja ngozi juu ya mgongo wake yenyewe, akaivuta ikiwa imelala chini kabisa, polepole, gundi ikifuata plastiki na kuiacha rangi safi. Palipogoma alirudisha mvuke, hakuongeza nguvu. Gundi kidogo iliyobaki aliitoa kwa dawa yake ya maganda ya machungwa, kitambaa kibichi, akasuuza kabla haijakauka. Kila mara hasira ilipompanda aliacha, akaenda kusimama kwenye mfereji, akarudi. Mikono yake haikuwa imewahi kuujua ugomvi wake, na hakutaka iujue wiki ile.

Mkuu alikuja siku zote mbili. Binti alikuwa amemwagiza asimamie, au labda alijiagiza. Aliketi kwenye benchi na mwavuli katikati ya magoti, kimya, akitazama mikono ya Kucha. Jumatano saa sita alisema, "Nimejaribu kukumbuka."

Kucha aliendelea kuvuta.

"Barua kama hizo niliandika nyingi. Kila muhula. Uliiba?"

"Nilimpiga mtoto wa mhasibu kwa stuli."

Mzee akafikiri kwa uaminifu. Hilo lilionekana usoni. "Mhasibu namkumbuka," akasema. "Mwanawe alikuwa na mkono mbovu."

"Mkono huo ni mimi."

"Aa." Akageuza mwavuli. "Wewe sikukumbuki. Nisingependa kukudanganya."

Kucha alisimamisha mkono. Ngozi ya mlango ilikuwa nusu, ya vuguvugu, imejikunja kati ya vidole vyake. Alikuwa amemwazia mzee huyu akiomba radhi, akilia, akijitetea, akimtukana. Hakuwahi kuwaza kwamba yeye mwenyewe hayumo kabisa kichwani mwa mzee. Miaka yote ile alikuwa akigombana na mtu ambaye hakuwa anajua kuna ugomvi.

"Na mimi nisingependa kukudanganya," akasema. "Nikikukuta tena na plastiki yako ya baridi, sijui kama nitakuzuia."

"Najua," alisema Mkuu. "Ndiyo maana nimekaa hapa."

Hawakuambiana zaidi. Alipomaliza mlango ule Mkuu aliinuka, akainama karibu na rangi mpaka pumzi yake ikaacha ukungu, akatafuta kosa kama anayesahihisha mtihani. Hakuliona. Hakusema kwamba hakuliona. Akafungua mwavuli akaondoka.

Boneti ilipakwa na Mzee Puti, Kucha akimsimamia kwa matusi. Mara ya kwanza rangi ilikosa kulingana, ikawa nyepesi kidogo, na Mzee Puti akaapa kwamba jua litaisawazisha. Kucha alichukua msasa akaikwangua mwenyewe mbele ya macho yake. Hawakusemezana siku nzima, ikawa raha kwa yadi yote. Mara ya pili ikakaa.

Jumamosi binti alikuja mapema. Alilikagua gari kwa utaratibu wa mtu aliyezoea kukagua watoto wachanga, kila mkunjo, kila ukingo. Akafungua boneti, akaifunga, akapitisha kidole kwenye raba.

"Kazi ni nzuri," akasema. "Mtu akiniuliza kazi, nitasema ni nzuri. Akiniuliza fundi, nitamwambia alichofanya."

"Mwambie," alisema Kucha.

"Baba naye nimempa zake za uso, usidhani."

"Sikuuliza habari za baba yako."

Binti alikaribia kutabasamu, akajizuia, akaingia garini. Hakurudi tena yadini, na wiki tatu zilizofuata wateja watano waliokuwa wamepanga kuja hawakutokea. Mzee Puti alimshauri Kucha azunguke mtaani ajitetee, aseme mzee alijiharibia mwenyewe. Kucha akamwambia ashughulike na puti yake. Maneno yaliyokuwa yakizunguka yalikuwa ya kweli, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kubishia.

Mwezi uliofuata alikuja mfanyabiashara mmoja na gari jeusi, mtu wa dharau, asiyeshusha hata kioo vizuri, akazungumza kupitia ufa. Alimwita Kucha "wewe". Alipoambiwa siku mbili alisonya, akashuka, na Kucha alipogeuka kufungua maji akaona kwa pembe ya jicho mtu yule anachokoa ngozi ya bampa.

Alimfikia kwa hatua tatu. Akamshika kifundo cha mkono, akautoa mkono ule kwenye gari kama anayetoa mkono wa mtoto kwenye sufuria.

"Usiguse. Ikiwa baridi inatoka na rangi."

"Niachie. Gari langu."

"Lako, ndiyo. Na usiliguse."

"Unajua unaongea na nani?"

"Sijui, na sitaki kujua. Kaa pale."

Mfanyabiashara alimtukana. Kucha naye hakumwonea haya, na walirushiana maneno mpaka mafundi wa mbali wakasogea kusikiliza. Lakini yule mtu alikaa kwenye benchi, amefura, na Kucha alifungua maji akaanza kuosha bampa.